Kila Mtu na Mrija Wake

Harufu ya klorini kwenye ndoo ya kunawia, mlangoni mwa zahanati hapa Kawajense, inanirudisha uani kwa babu.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijijini, na bwana afya alishakataza watu kuchangia mrija wa pombe. Wazee walitii. Kila mmoja alikuja na mrija wake, bibi akaisuuza yote kwa maji ya klorini, kisha wakaitumbukiza kwenye chungu kimoja cha pombe.

“Babu, si bado mnakunywa pamoja?” niliuliza.

“Mrija huu ni wangu peke yangu,” alinijibu.

Mzee aliyeketi karibu naye aliinuka mara tatu kukimbilia chooni. Kila aliporudi, babu alisogea ampe nafasi kwenye chungu.

Nanawa mara ya nne sasa, bado sijatoka kwenye ndoo. Nyuma yangu foleni inanung'unika.