Mzinga wa Mzee Kaseka na Sauti ya Bahari

Jamani, hata mkicheka nitasimulia, maana nusu ya mtaa wetu wa Ng'ambo, huku bara, ilishaniona nikitoka majini bila shuka, mzinga wa nyuki kichwani, basi nifiche nini tena?

Mzee Kaseka, mrina asali, alinipa mzinga mpya wa gome akasema, "Kautundike. Nyuki wakiingia, njoo tuzungumze habari za binti yangu Mwajuma." Kazi yangu ilikuwa kuupaka nta ndani, kuupandisha mtini na kusubiri. Nta nikapaka. Lakini mjomba Saidi, aliyerudi kutoka vitani Burma kwa meli, alikuwa ametuhadithia nyambizi zinazozama na watu wakipumua ndani, na watu wa zamani ambao kabla ya nyambizi walishuka baharini ndani ya pipa lililofudikizwa, hewa ikabaki juu, na mimi bahari sijawahi kuiona (babu aliifikia kwa miguu, pembe ya ndovu begani, akaisimulia mpaka anakufa), basi nikautazama ule mzinga ulivyozibwa upande mmoja, nikasema nizame mara moja tu, nitautundika jioni.

Nikauacha chini ya mgunga kando ya lambo nikatafute mawe ya kuufungia usielee. Kisha nikauvaa hadi mabegani, nikashuka.

Raha ile sijui niisemeje! Maji yakapanda mpaka shingoni, yakapita, lakini usoni pakavu, giza jororo linanukia asali, miguu myepesi kama si yangu, nikajiona natembea chini ya bahari na babu yuko mbele ananingoja. Kukawa na mvumo, taratibu, unatoka pande zote. Nikafumba macho. Nikajua ndiyo bahari yenyewe inavuma.

Walikuwa nyuki. Nta ilishawaita nilipokuwa nahangaika na mawe. Wa kwanza alinichoma sikio, nikakurupuka, shuka likabaki topeni, mzinga umekwama, nikatoka mbio nisione niendako, kinamama waliokuwa wakifua wanapiga mayowe, mpaka nikamgonga mtu.

"Shikamoo," nikasema humo humo ndani (sikujua ni nani, lakini adabu ni adabu).

"Marahaba," akajibu Mzee Kaseka, aliyekuja kuangalia kama mzinga umeshapanda mtini.

Akanivua, akanitupia kanga ya mtu, akachungulia ndani. Nikajua Mwajuma ndiyo basi tena, nikalia, na si kwa sababu ya uso kuvimba.

Lakini Mzee akasema, "Nilisema nyuki waingie. Sikusema kichwa chako kisiwemo."

Tulioana uvimbe umeshaisha. Nimeapa, mzinga sivai tena. Ila Mwajuma akiwa hayuko karibu, huwa natega sikio kwa nje ya mzinga, kidogo tu, niisikilize bahari.