Siku Sukari ya Zubeiri Iliposhuka

Zubeiri hutengeneza baiskeli mjini Koboko, kaskazini mwa Uganda, na hata baada ya kuoa amebaki ua mmoja na mama yake, Medina. Mama huyo ana kisukari cha miaka mingi na hujichoma insulini. Majirani wanampenda, ila walikuwa wakijua kuna nyakati anageuka mtu mwingine: anatukana bila sababu, anasukuma sahani, jasho linamtoka huku akisema haumwi.

"Hasira za mama hizo," Zubeiri alikuwa akimwambia mke wake, Asiya. Kisha walikuwa wakitoka nje mpaka apoe.

Mwaka jana redio ilitangaza kwamba watafiti mjini Arua wanahitaji watu wazima wenye afya, wa kujaribiwa dawa mpya ya kisukari. Zubeiri akaenda. Daktari Yengi hakumficha kitu.

"Wewe huna ugonjwa, kwa hiyo dawa hii haitakufaidi," alimwambia. "Tunataka kujua kwanza kama mwili unaivumilia, ndipo baadaye wapewe wagonjwa. Inaweza kukudhuru. Ukitaka kuacha, hata katikati, unaacha."

Zubeiri alirudi nyumbani kuomba ruhusa.

"Wewe iko na watoto," Medina akasema.

"Mama, hata hii sindano yako, kuna mutu alianza."

Medina akamwombea dua.

Wodini walilala wanaume kadhaa, wakitolewa damu mara kwa mara. Dozi ndogo ya mwanzo haikumfanya Zubeiri kitu. Ilipoongezwa, mikono ikaanza kutetemeka na shati likalowa. Sista Concy, muuguzi wa zamu, alipomshika kidole ampime, Zubeiri aliuvuta mkono wake kwa nguvu na kumtolea tusi zito. Alijisikia akilitamka, na hakuweza kulizuia.

Concy alimshika tena kidole, akapima, akamwita daktari, kisha akamwekea juisi mdomoni.

"Kunywa, kaka. Hiyo hapana wewe inasema. Ni sukari imeshuka."

Alipotulia, Zubeiri alilia. "Mama yangu iko hivi hivi, Sista. Na sisi tunatoka, tunamuacha."

Concy akavuta kiti. Alimweleza dalili zote, akamwambia wampe mama kitu kitamu mara moja, kisha chakula, na mtu akae naye. Akamsisitizia ampeleke kliniki, huenda insulini ilikuwa imezidi. Daktari Yengi alisitisha dozi ile. Waliofuata walipewa kiasi kidogo zaidi.

Nyumbani Zubeiri alimsimulia mama yake kila kitu, hata lile tusi. Medina aliweka kando ukindu aliokuwa akisuka.

"Mimi nilidhani roho yangu imeharibika," akasema. "Nilikuwa naona haya kuomba Mungu." Kisha akacheka, machozi yakimtoka.

Kliniki walimpunguzia insulini. Siku hizi vipindi vile humjia kwa nadra, na vikija, Asiya hukoroga sukari kwenye maji na kukaa kando yake.

Medina alisuka sinia la ukindu wa rangi, akalituma Arua kwa basi. Concy akapiga simu kushukuru. Medina hajui Kilugbara cha Concy, Concy hajui Kinubi cha Medina, basi wakaongea Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akisema ni yeye anayepaswa kutoa asante. Zubeiri alisimama mlangoni na spana mkononi. Mteja alikuwa anamngoja, na simu ilikuwa yake, lakini hakuiomba.