Kitanda cha Mwisho

Asubuhi mama wa watu alikuwa hai. Mchana wanawe wanakuja kumwona, kitanda kitupu, godoro limeegemezwa ukutani.

Hapo kilio kikaanza.

Mimi ni fundi wa mfumo wa kompyuta hospitalini. Siku hiyo nilikuwa hoi, macho kama yamemwagiwa mchanga. Mara dada wa mapokezi huyo, anahema.

"Kaka, njoo! Nimewaelekeza ndugu kwenye kitanda cha mama yao, kumbe hayupo. Binti mkubwa kazimia. Mdogo wake kashapiga simu nyumbani kwamba mama katutoka!"

"Manesi wanasemaje?"

"Wa zamu hii ndiyo kwanza wameingia. Hawamjui."

Nikajikokota hadi kwenye mashine yake.

Tuna majedwali mawili: la wagonjwa na la vitanda. Mgonjwa akihamishwa, mstari mpya unaongezwa, wa zamani haufutwi. Huyu mama alikuwa na miwili. Skrini ya mapokezi, ikiunganisha majedwali, ilikuwa inazoa mstari wowote iliokutana nao mwanzo.

Nikaandika amri upya: kwa kila mgonjwa, tafuta muda wa karibuni kabisa, kisha lete mstari wenye muda huo tu.

"Yuko ghorofa ya juu," nikasema. "Kahamishwa."

Tukapanda ngazi mbio na wanawe. Mama huyo, kaegemea mto, anachana nywele.

"Mnalia nini? Nani kafa?"

"Wewe, mama!" binti akamrukia.

"Basi nimefufuka na njaa. Leteni mkate."

Kicheko na machozi vikachanganyika. Nikashuka kifua mbele, uchovu wote umeyeyuka.

Dada wa mapokezi hakucheka. Alikuwa ameganda mbele ya skrini.

"Kaka, hii amri yako imebadilisha na wengine?"

"Wote."

Akanionyesha kwa macho mzee mmoja kwenye benchi, chupa ya chai mapajani, anasubiri muda wa jioni wa kuona wagonjwa.

"Nilimwambia mkewe yuko wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Alifurahi, jamani. Akasema mkewe anapenda mwanga."

Nikasoma mstari wa mwisho wa mkewe.

Mochwari. Tangu alfajiri.

Pembeni mtu alikuwa ameandika: ndugu amepigiwa, hapatikani.

Nikamtuma dada amwite daktari, maana habari ile haikuwa yangu kuitoa. Lakini kumwacha mzee peke yake nikashindwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wameshafungua?"

"Bado. Daktari anakuja kuzungumza na wewe."

Akaniangalia usoni. Halafu, taratibu, akafungua chupa, akanimiminia chai aliyomletea mkewe.

"Kunywa," akasema. "Isipoe bure."

Wadau, mtu akikuulizia mpendwa wake, usimpe habari ya jana eti kwa kuwa ni nyepesi kutamka. Mpe ya mwisho. Na ukishampa, usikimbie. Kaa naye.