Mtu Hapimwi Amelala

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane au tisa, nilimpima mdogo wangu Zaituni kwa futi ya baba, amelala chali juu ya ubao, na kwa siku tatu nikajua kwamba nimemuua. Watu wazima husema watoto hawana mawazo. Waongo. Mtoto anayo, ila hana wa kumwambia.

Baba alikuwa fundi seremala pale Mirongo. Kwao ni kusini, huko Lindi. Alikuwa Mmwera, lakini Mwanza kila aliyetoka kusini ni Mmakonde, basi wakamwita Fundi Mmakonde mpaka anaingia kaburini, na alishachoka kuwasahihisha. Alikuja kutengeneza milango ya nyumba ya tajiri mmoja, kazi ya miezi miwili, akamwona mama yangu sokoni, akabaki.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba yetu. Akishaswali alfajiri, kabla ya chai, aligeuza mbao zake moja moja, upande wa chini uje juu, kama mtu anayegeuza samaki motoni. Alisema ubao ukikauka upande mmoja unapinda, na ubao uliopinda ni kama mke aliyeudhika, utaunyoosha leo na kesho umerudi palepale. Mama akisikia hivyo alimletea chai imepoa.

Misumari hakuipenda. Ncha ya mti mmoja aliichonga iwe ulimi, mti wa pili akautoboa tundu kwa patasi, kisha akaigonga mpaka ikashikana. Kitanda chake ukikitikisa hakilii. Siku hizi ukipita barabarani unaona makochi yamevalishwa vitambaa yanang'aa kama bibi harusi. Unanunua, mwaka haujaisha, kochi limepiga magoti. Wanangu wameniletea mojawapo. Nimewashukuru, na ninakaa kwenye mkeka.

Mteja akija kuagiza kitanda, baba alimsimamisha ukutani, akatia alama ya kalamu juu ya kichwa, akapima ukuta. Aliyekuja na mgonjwa wake, mgonjwa aliinuliwa asimame. Mtu hapimwi amelala. Anayepimwa amelala ni maiti anayetengenezewa sanduku, na masanduku baba aliyatengeneza pia, maana Wakristo wa mtaani kwetu nao walikuwa wanakufa. Ukimuuliza kwa nini, alisema, "Aliyelala hanyooki. Kipimo kinadanganya." Alikuwa mtu wa msikitini, mambo ya mizimu hakutaka kuyasikia. "Ubao hauna masikio," alikuwa akisema. Lakini sikumwona hata mara moja akimpima mzima aliyelala.

Mwaka huo bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Nansio kutibiwa macho, akawa analala chumba cha uani. Sasa kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali sahani moja. Baba akiingia uani, bibi aligeukia ukuta na kuvuta kanga. Wakiwa na neno, nililibeba mimi.

"Mwajuma, mwambie baba yako maranda yake yanaingia kwenye mboga."

Natembea hatua kumi. "Baba, bibi anasema maranda yanaingia kwenye mboga."

"Mwambie bibi yako upepo si wangu."

Narudi hatua kumi. Na wote wawili wameshasikiana.

Siku yenyewe baba alikwenda Usagara kupeleka kabati, mama yuko sokoni. Bandani, juu ya vigogo viwili, kulikuwa na ubao wa mvule, mpana, mzima, hauna kiungo. Ulikuwa wa kichwani mwa kitanda cha harusi, kitanda ambacho mwenye duka mmoja wa hukohuko Usagara alimwagizia binti yake. Baba aliungoja ubao ule ukauke miezi na miezi. Sisi watoto tuliona anaupenda kuliko anavyotupenda.

Tukacheza ufundi. Mimi fundi, Zaituni mteja. Alikuwa na miaka mitano.

"Unataka kitanda gani, mama?"

"Cha kulala mchana."

Nikamsimamisha ukutani kama baba, hakutulia, akawa anacheka na kuchuchumaa. Nikamwambia basi panda ulale. Akalala juu ya ubao. Nikakunjua futi ya baba, nikampima, kisha nikachukua msumari nikakwaruza alama kichwani na nyingine kwenye visigino, kwa nguvu, kama nilivyomwona baba akifanya.

Bibi akatokea mlangoni. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini hilo aliliona.

"Inuka wewe! Inuka hapo!" Akamshika Zaituni mkono akamteremsha kama anayetoa mtoto kisimani. Kisha akanigeukia. "Umempima mwenzio amelala? Kwa futi ya fundi? Na alama ukaweka?"

Nikasema tulikuwa tunacheza.

"Ubao haujui mchezo. Umeshaambiwa mtu wake ni nani, sasa utamngoja." Akapapasa mikwaruzo ile kwa kidole. "Sikiliza. Baba yako akirudi, mwambie hivi, usipunguze neno. Ubao huu ukatwe kwenye hizo alama, utengenezwe kitu cha mtu kukaa na kuinuka. Kisiwe cha kulalia. Na iwe leo."

Baba akarudi jioni, amechoka, anapiga mluzi, kabati limependwa. Aliniona nimesimama uani kama mti.

"Bibi yako anasemaje?"

Nilifungua mdomo. Nikauona ubao ule nyuma yake, nikakumbuka anavyoupitisha mikono kama mtu anayepapasa ng'ombe wake.

"Anasema ugali uko tayari."

Nikarudi hatua kumi. Bibi akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wawili wazima, wenye akili zao, na katikati yao njia ni moja tu, nayo ni mtoto mwoga.

Kesho yake Zaituni akaamka mwili unachoma. Mchana degedege likamshika, macho yakageuka, meno yakakazana. Mama akamfunga mgongoni akakimbia naye hospitali, wakalazwa. Baba alikwenda akarudi, kwa kuwa wodini walimruhusu kulala mama peke yake.

Bibi akaona ubao bado mzima. Akaanza kunung'unika kwa sauti ya kusikika, akiwa amegeukia ukuta: "Watu wa kusini bwana, moyo nao wameuchonga kwa mbao." Baba akadhani anasemwa kwa kumpeleka mtoto hospitali badala ya kwa mganga. Akapiga randa kwa hasira siku nzima. Hakuna aliyejua mwenzie ana nini. Nilijua mimi, na sahani yangu nikairudisha jikoni vilevile.

Asubuhi ya siku ya tatu, baba alipokuwa msikitini, niliingia bandani nikachukua randa. Nilifikiri, alama zikiondoka, ubao utasahau. Randa lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikalisukuma kwa tumbo, likakwama, nikalisukuma tena, likang'oa kibanzi kirefu na kuacha shimo kama jeraha. Alama ya kichwani ilibaki palepale pembeni. Nikalirudisha randa mahali pake nikakaa kwenye maranda.

Baba akaingia. Kabla hajauona ubao, kikasikika kishindo cha fimbo, na bibi akasimama kwenye mlango wa karakana, mahali ambapo hajawahi kukanyaga mkwewe akiwa ndani. Alikuwa ametupa mgongo, kanga imefunika kichwa chote, anaongea na uwanja.

"Mkwe, nisamehe, nimevunja heshima. Ulikuja kwangu ukaomba mtoto, nikakupa. Leo mimi naomba ubao mmoja, siku tatu hunijibu."

Baba naye akageuka haraka akatazama bati. "Ubao gani, mama?"

Kisha wote wawili, bila kutazamana, wakaita, "Mwajuma!"

Nikasema yote. Kupima, alama, ugali uko tayari, amesema sawa, randa. Nilisema huku nalia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Bibi alinisikiliza kwa mgongo wake. Baba akaenda kwenye ubao, akapitisha kiganja juu ya mkwaruzo, kisha juu ya lile shimo.

"Umelisukuma randa kinyume cha nyuzi," akasema. Basi. Akavaa kofia yake akaenda hospitali.

Alirudi baada ya adhuhuri. Bibi alikuwa amekaa uani hajala.

"Muulize mtoto yukoje," akaniambia.

Nikauliza.

"Mwambie bibi yako yupo."

Yupo. Neno gani hilo la kumpa mtu? Bibi akaanza kulia, polepole, bila sauti, na mimi nikawa sina hata pa kusimama. Baba akaniita bandani. "Njoo. Shika huku."

Nikashika mwisho wa ubao. Akaweka msumeno juu ya alama yangu ya kwanza, akakata. Ubao wa mvule ukikatwa unanukia, lakini siku ile niliona kama unalia. Fundi baiskeli, jirani yetu, akachungulia.

"Mmakonde! Mvule wa harusi ndio unaukata vipande? Umerogwa?"

"Nimeagizwa kazi."

"Na nani?"

"Na mama mkwe."

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta, akaenda kuwaita wengine. Wakasimama pale watu watatu wanne wakimtazama fundi mwenye maneno yake, "ubao hauna masikio", akitengeneza benchi kwa sababu ubao umesikia jina la mtoto. Baba akachonga miguu, akatoboa matundu, kila kitu akanifanya nishike, na kiungo cha mwisho akanipa nyundo. "Gonga. Sio hivyo, utapasua. Gonga kama unabisha hodi." Nikagonga mpaka ulimi ukazama wote.

Jua likielekea kuzama akaliweka benchi uani. "Kaa." Nikakaa. "Inuka." Nikainuka. "Mwambie bibi yako naye." Bibi akaja akipapasa, akakaa, akainuka akiugulia magoti. Baba akakaa wa mwisho, akainuka, akakung'uta maranda kwenye nguo.

"Zaituni amekunywa uji," akasema. "Kesho kutwa wanarudi nyumbani."

Usiku ule nilikula kama fisi. Niliamini benchi limemrudisha mdogo wangu, na kwamba kiungo cha mwisho nilikigonga mimi. Mwenye duka wa Usagara alipewa kitanda chenye ubao wa vipande viwili, akakichukua amenuna, akatangaza kwao kwamba fundi wa Mirongo siku hizi anaendeshwa na ndoto za vikongwe. Baba alisemwa kwa muda mrefu. Bibi alirudi kwenye ukuta wake, na mimi nikarudi kwenye hatua zangu kumi, ila sikupunguza tena neno.

Mama alikuja kunieleza yaliyobaki nikiwa tayari nina wajukuu na baba hayupo. Tulikuwa tunachambua dagaa. Akasema kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Mbona Zaituni alipona tangu alfajiri ya siku ile ya benchi? Baba yako alimkuta amekaa kitandani anagombania kijiko. Nikamwambia kimbia ukamwambie mama yangu. Akasema, 'Subiri kwanza, nina kazi na Mwajuma.'"

Nilimkasirikia marehemu, sifichi. Alimwacha bibi, mama mzima wa watu, alie mchana kutwa kwa neno "yupo", na habari njema anayo mdomoni. Mpaka leo sisemi alifanya haki. Zaituni mwenyewe yupo Nansio, mnene, anauza mafuta ya taa, ukimhadithia anasema hakumbuki lolote na tumsaidie kubeba dumu.

Mkiniuliza kama ninaamini ule ubao ulikuwa unangoja mtu, sijui. Wajukuu wakilala sakafuni wakapimana, nawafukuza kwa ufagio. Lakini benchi lile halikuwa la Zaituni, hilo nimelielewa. Aliyekuwa mgonjwa nyumbani nilikuwa mimi. Baba alijua kwamba kama angeniambia Zaituni amepona, ningebaki yule mtoto aliyeua akabahatika. Fundi hapendi kitu kilichoharibika kitengenezwe na bahati. Akakubali kuchekwa na mtaa, na ubao akaupoteza, ili nitengeneze kwa mikono yangu.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Mwanangu wa pili, Mariamu, akiwa na umri kama wangu wa wakati ule, aliacha banda la kuku la jirani wazi, mbwa wakavunja mlango wakala kuku wote. Alinijia na nyundo. "Mama, nitengeneze mlango?" Nikamwambia, "Toka mbele yangu, utaharibu na uliobaki." Nikautengeneza mwenyewe, na nikautengeneza vizuri, kazi ninaijua. Sasa ni mama mzima, yuko Shinyanga, ananipigia kila Ijumaa. Shikamoo mama. Marahaba. Unahitaji nini? Sihitaji kitu. Ananiheshimu kabisa, sina la kulalamika. Ila alipoachika kwa mumewe, mimi nilipata habari kwa watu.