Mvua ya Ndengu

Niliamini kwa moyo wangu wote, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na kitambulisho, kwamba kaseti hunasa uongo. Aliyenieleza ni jamaa tuliyeketi naye dawati moja katika shule ya usiku, na alinieleza akininong'onezea kama mtu anayetoa siri ya serikali. Ule mkanda wa kahawia, alisema, umepakwa dawa. Ukisema uongo karibu nao, dawa inachemka. Ndiyo maana kaseti ikicheza unasikia shhhh. Mtu mkweli, kaseti yake hunyamaza kama kaburi.

Na ushahidi nilikuwa nao! Nilikuwa nimenunua redio ya kaseti ili inisikilizie masomo, kwa sababu mchana kutwa nilibeba magunia ya unga katika kiwanda cha mikate, na mwalimu akifika kwenye jiografia mimi nilikuwa nimeshafika ng'ambo ya pili ya usingizi. Niliporudia kaseti nyumbani, somo zima la mito lilivuma shhhh. Nikajiambia, kumbe hata urefu wa mito wanatudanganya! Kaseti ya kwaya ya kanisa letu nayo ilivuma, na tangu siku hiyo nikawa nawatazama waimbaji wa sauti ya kwanza kwa jicho la pembeni.

Basi nikiwa na elimu hiyo kichwani, jirani yangu akaniletea shida yake.

Tulikaa katika nyumba za baraza la jiji huku Eastlands, chumba kwa chumba, na ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba yeye akikata kitunguu, mimi ndiye niliyetokwa na machozi. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Ukambani, na alikuwa amehamia hapo karibuni kutoka Majengo. Huko Majengo paa lilivuja hata panya, kwa maelezo yake, walijifunza kuogelea. Mkewe alivumilia, alivumilia, mwishowe akachukua watoto akarudi kwa babake, mchongaji wa vinyago, na kusema hatarudi mpaka mumewe apate nyumba ambayo mvua inabaki nje.

Sasa nyumba alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba alikuwa amemwahidi paa zuri kila msimu wa mvua tangu waoane. Alipomwandikia habari za chumba kipya, alijibiwa kwa maneno machache tu: "Barua haivuji. Nataka kuisikia hiyo nyumba kwa masikio yangu."

"Mwalimu," akaniambia. Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu ya shule yangu ya usiku, na sikumkataza. "Wewe ndiwe mwenye kaseti. Nisaidie mke wangu arudi."

"Nyumba ina mdomo, bwana? Itasema nini?"

"Tafuta. Si umesoma?"

Nikatafuta. Na ninakuambia, hakuna mtunzi wa michezo ya redio duniani aliyewahi kupewa kazi ngumu kama ile. Nyumba inayovuja ina sauti: to, to, to kwenye sufuria. Lakini nyumba isiyovuja inasemaje? Nikaona dawa yake ni moja. Isikike mvua kubwa nje, na ndani asikike mwanamume ametulia, amekauka, anakunywa chai. Lakini kilikuwa kiangazi, vumbi mpaka kwenye kope, na mbingu haikuwa na wingu hata la kuazima. Mvua ilibidi tuitengeneze wenyewe.

Tulijaribu maharagwe kwenye debe. "Hiyo si mvua," jirani akasema, "hao ni polisi wamekuja." Tukajaribu mchele kwenye gazeti, ukasikika kama panya aliyeingia kwenye barua za mapenzi. Ndipo akaleta ndengu zake za kutoka nyumbani, tukazitelezesha polepole kwenye ungo, huku na huku. Loo! Ungefumba macho ungekimbia kuanua nguo.

Lakini mimi nilikuwa na hofu yangu ya shhhh. Nikamwekea sheria: kila neno utakalosema liwe kweli tupu. Usiseme mvua inanyesha, maana hainyeshi. Sema tu, "Sikiliza." Ndengu zitasema zenyewe, na ndengu hazijaapa mahakamani.

Siku tuliyochagua ilikuwa Jumapili ile timu mbili kubwa zilipokutana katika uwanja ulio karibu nasi. Mtaa wetu haukujua kunyamaza. Kama si ngoma za kanisa, ni santuri, na kama si santuri, ni wake wawili kwenye bomba la maji. Lakini siku ya mechi hiyo hata mbwa walikwenda uwanjani. Tukaziba dirisha kwa blanketi, nikashika kinanda cha mdomo kwa mkono mmoja na ungo kwa mwingine. Muziki lazima uwepo, hadithi bila muziki ni ugali bila mboga. Nilijua wimbo mmoja tu, wa Krismasi.

"Kohoa kwanza usafishe koo," nikamwambia, "kama watangazaji."

"Kikohozi sina siku hizi, Mwalimu. Kilibaki Majengo." Kule, aliniambia, alikuwa akikohoa usiku kucha kwa ule unyevu, kama lori la mchanga asubuhi ya baridi.

Nikabonyeza kitufe cha kunasa. Nikapuliza Krismasi kidogo. Akaanza.

"Mama watoto, ni mimi. Nimekaa kwenye kiti. Sikiliza." Nikamimina ndengu. "Shati langu ni kavu. Kitanda hakijasogezwa tangu nihamie. Sufuria zote ziko kwenye rafu, zimefunikwa. Sikiliza tena."

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga karai, iwe ngurumo. Sikuwahi. Uwanjani mtu alifunga bao, na ngurumo iliyotoka kule ikatikisa dirisha, kikombe na meno yangu. Jirani akaruka bila sauti, mikono juu, macho yamemtoka, kisha akaketi na kuendelea, "Watoto wasalimie. Nafasi yenu ipo."

Tulipoirudia, mvua ilikuwa mvua, ngurumo ilikuwa kiyama. Lakini chini yake, mwanzo hadi mwisho: shhhh.

"Umedanganya wapi?" nikamvaa.

"Sijadanganya!"

"Shati lilikuwa kavu?"

"Si uguse!"

"Una mwanamke mwingine?"

"Wewe ndiwe unayelala nyuma ya huo ukuta. Umesikia mwanamke?"

"Nimesikia kukoroma."

"Basi huyo ndiye mwanamke mwenyewe. Lete kaseti yangu."

Akaituma kwa basi, na shhhh yake ndani. Wiki zikapita bila jibu. Nikajua tumekwisha. Bila shaka huko kwao walikuwa na mtu aliyesoma, akawaeleza maana ya ule mchemko. Jirani alipunguza maneno. Kila jioni alifagia chumba, akaviweka viatu vyake mlangoni upande mmoja kabisa, ukutani, hivi kwamba upande wa pili palibaki nafasi ya viatu vingine.

Mkewe alikuja Jumamosi, mchana mweupe, na watoto wawili na kifurushi kichwani. Hakukaa. Alitazama dari, kona kwa kona. Akabonyeza godoro kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha akatoka mlangoni, akaniona nimejifanya ninafua.

"Wewe ndiwe Mwalimu?"

"Ndimi, shemeji. Karibu."

"Ndiwe ile mvua?"

Nikatazama povu.

"Siku nyingine uzichague ndengu kwanza. Nilisikia mawe yakigonga ungo. Baba alicheka mpaka patasi ikamtoka mkononi."

"Na ngurumo?" jirani akauliza kutoka ndani, kwa unyonge.

"Ngurumo ilikuwa nzuri," akakubali. "Ila hiyo Krismasi ya nani?"

Sikuweza kujizuia. "Shemeji, kama ulijua ni ndengu, na ukasikia pia ule uongo ukichemka, mbona umekuja?"

"Uongo gani?"

Nikamweleza. Mkanda, dawa, shhhh, hata habari za kwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akinitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. Kisha akavua viatu, akaviweka ile nafasi ya mlangoni.

"Hiyo shhhh ni ya kaseti yenyewe," akasema. "Weka kaseti tupu, usiseme kitu, utaisikia. Mimi nilikuwa ninasikiliza kikohozi. Mwanzo wa kaseti hadi mwisho hakukohoa, nikafunga mizigo."