Hatua ya Nne: Picha

Kila asubuhi mwandishi wa maelekezo ya majiko ya gesi huvua viatu chini ya meza, huzima skrini, na kuiacha kompyuta imsomee kurasa za kampuni kama simu zinavyowasomea wateja wasioona. Kila mara sauti hiyo inapotaja "picha" bila kusema ya nini, hushusha pumzi na kuandika maneno yaliyokosekana. Mwaka wa sita huu. Mchoraji wa picha hizo humtania, "Dada, hayo nani anayasoma?" Naye humjibu, "Wewe chora tu, mdogo wangu," kwa sauti ya mtu aliyebishana mpaka akachoka.

Juzi simu ya ofisi ililia. "Mwanangu, mimi sioni," akasema mzee mmoja. "Nabadilisha mtungi. Hatua ya nne inaniambia 'picha' tu, na ya tano ni kuwasha kiberiti. Niwashe?" "Usiwashe, baba! Kaza kwanza kichwa cha mtungi mpaka kilie." Akangoja, simu sikioni. Kule mbali, ta! Alipokata simu, akafungua ukurasa huo ambao alikuwa bado hajaufikia, akaandika hatua ya nne: kaza mpaka usikie "ta". Mchoraji akamsogelea. "Dada, nani huyo?"

"Anayesoma," akasema, akazima skrini tena.