Nimeambiwa nikiri kangomba ndipo nirudishiwe pikipiki yangu

Admin, nifichie jina, na kijiji usikitaje, huku Newala tunajuana wote. Nina miaka 41, ni mjane, nina watoto watatu na mikorosho aliyoniachia marehemu. Pikipiki nilinunua mwenyewe na ninaendesha mwenyewe, wanaume wa kijijini walishanicheka mpaka wakachoka. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Nilikuwa nauza maji kwa madumu, napeleka wajawazito kliniki, na msimu wa korosho nabeba mizigo ya watu kwenda ghalani.

Kwetu bibi asiye na wa kumbebea korosho haachwi. Anayekwenda ghala la chama cha msingi cha ushirika, korosho zinakouzwa kihalali, anapita kwake na kuchukua za kwake. Msimu uliopita nilipakia viroba vitatu: kimoja changu, kimoja cha jirani yangu nitakayemwita Mama Salumu, na kimoja cha bibi mmoja nitakayemwita Bibi Somoe. Ili kilo zisichanganyike kwenye mizani, nikaandika jina la mwenyewe juu ya kila kiroba kwa maka peni. Hapo nilijichimbia kaburi mwenyewe, nikidhani nafanya uaminifu.

Kabla sijafika ghalani askari wawili wakanisimamisha. Wakasoma yale majina, wakasema aliyebeba korosho za watu watatu ni mtu wa kangomba, yaani anayenunua kwa wakulima kwa kificho kwa bei ya kutupa. Nikawaomba twende wote ghalani, karani ananifahamu, au turudi kwa wenye majina, si mbali. Hawakutaka hata kusikia. Viroba na pikipiki vikapelekwa kituoni. Mimi nikaandikwa maelezo, nikaachiwa jioni ile ile, nikaambiwa nitaitwa.

Mpaka leo sijaitwa, na mikorosho imeshatoa maua mengine. Sina kesi, hakimu simjui hata kwa sura. Kila nikienda naambiwa upelelezi unaendelea. Upelelezi gani, wakati Bibi Somoe hajaulizwa hata swali moja? Nimefikia kuwaamkia shikamoo vijana niliowazidi umri, angalau niwalainishe, nao wanaitikia marahaba bila aibu. Nikiuliza korosho, wanasema ziliharibika stoo. Korosho tulizianika wenyewe zikakauka, leo wananiambia zimeharibika, na wanataka niitikie ndiyo afande.

Wiki iliyopita nilikuwa gulioni nikaiona pikipiki yangu. Siti yake niliishona mwenyewe kwa kitenge, siwezi kukosea. Aliyeipanda ni mmoja wa wale askari wawili, kavaa kiraia, na nyuma kafunga gunia la mkaa. Ndugu zangu, nilisogea pembeni nikatema mate. Mimi nabeba ndoo kichwani, yeye anabebea mkaa wake kwenye kitu anachokiita kielelezo.

Kesho yake nikaenda kituoni nikasema nilichokiona. Hawakukana hata kidogo. Mkubwa wao akaniingiza chumba cha ndani, akaweka karatasi mezani, akaongea kwa upole kama ananisaidia.

"Mama, saini hapa kwamba ulinunua, tukakuonya, tukakusamehe. Unaondoka na pikipiki yako leo leo."

Nikamuuliza, nisiposaini? Akasema basi upelelezi utaendelea. Ule upole wake ulinichukiza kuliko yote, heri angenitukana.

Sikusaini. Niliisoma ile karatasi, nikakuta imeandikwa kwamba nilinunua kwa Mama Salumu na Bibi Somoe. Nikiweka saini yangu, nao wanakuwa wauzaji wa kangomba kwa maneno yangu mimi. Halafu Mama Salumu tayari hanisalimii, anaamini kiroba chake nilikiuza nikala. Karatasi hiyo itamthibitishia. Upande wa pili, mwanangu mkubwa karudishwa nyumbani kutoka shule mara mbili kwa michango, na sina kingine cha kututoa hapa. Nimepewa mpaka Jumatatu, baada ya hapo wanasema pikipiki itapelekwa mkoani na sitaiona tena.

Jana nikaenda kwa Bibi Somoe kumweleza, nikijua atanilaani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta choroko zake. Kisha akasema, "Mwanangu, saini uchukue chombo chako, watoto wale. Kama wanataka na mimi nikiri kwamba nilikuuzia, nipeleke, nitaweka dole gumba."

Bibi huyu hajawahi kuiba hata papai la mtu, na korosho zake wamezila wao. Niliondoka bila hata kuaga. Nishaurini ndugu zangu, na mwenye kujua sheria anisaidie. Jumatatu nimpeleke bibi yule akaweke dole kwenye uongo wao, au niiache pikipiki ibebe mkaa?